Gitaa la nyuzi 12 halipunguzwi nyuzi, linalegezwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika majuzi kuhusu yale magitaa ya zamani ya Kijapani ya nyuzi 12, yanayokuja kwenye makontena ya mitumba na mengine yapo tu majumbani toka enzi za wazee wetu. Alisema hayafai hali ya hewa ya pwani, yanavimba tumbo, shingo inapinda, kwa hiyo mtu akilipata dawa yake ni moja tu, ang'oe nyuzi sita abaki na sita alipige kama gitaa la kawaida. Ile barua nimeisoma mara tatu. Nimeshindwa kuiacha ipite kwa sababu gitaa la namna hiyo ninalo ndani, nimeishi nalo miaka mingi, na mi mwenyewe nilibakiza kidogo sana kuliua kwa ushauri wa aina hiyo hiyo, na saivi inawezekana kuna kijana huko Muheza au Pangani kashaisoma ile barua na koleo analo mkononi. Kijana, subiri kwanza.

La kwangu ni Yamaha FG-230. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa baharia, alilinunua Kobe mwaka 1971 akaja nalo kwenye begi la turubai mpaka Tanga. Wanaokumbuka miaka ile wanajua hiyo haikuwa kitu kidogo, maana wapiga muziki wengi wa hapa kwetu hawakuwa na gitaa lao wenyewe, vyombo vilikuwa mali ya bendi na bendi zenyewe nyingi zilikuwa za mashirika na taasisi, NUTA, JKT, Vijana na kadhalika, ukiacha bendi unaacha na gitaa. Mtu kuwa na gitaa lake, tena la nyuzi 12, nyumbani kwake barazani, watu walikuwa wanakuja kuliona tu.

Ukichungulia kwenye tundu la sauti unaona lebo nyekundu. Hapo nataka nikae kidogo maana kuna watu wanaona maneno Nippon Gakki kwenye ile lebo wanasema hili feki, mbona Yamaha imeandikwa na jina lingine. Sio feki jamani. Nippon Gakki ndo jina la kampuni yenyewe lilivyokuwa. Mzee Torakusu Yamaha mwaka 1887 alitengeneza kinanda cha shule kilichoharibika kwenye mji wa Hamamatsu, kutoka hapo akaanza kuunda vinanda vyake, 1897 ikasajiliwa kampuni ya Nippon Gakki, maana yake ni vyombo vya muziki vya Japani, na hilo jina lilikaa mpaka 1987 ndo wakaligeuza kuwa Yamaha Corporation. Kwa hiyo ukiona Nippon Gakki kwenye lebo furahi, hiyo ni dalili ya umri. Na ile alama ya kwenye tanki la pikipiki ya Yamaha, ile unayoiona kwa bodaboda kila siku, ile duara yenye vyuma vitatu vilivyopishana, vile ni vyuma vya kutyunia vyombo, ile ukigonga inalia noti moja. Pikipiki yao ya kwanza imetoka 1955 wakati vinanda wameshatengeneza zaidi ya miaka sitini. Magitaa ya FG, hiyo F ni ya folki, yalianza kutoka 1966, na haya ya lebo nyekundu ni ya mwishoni mwa miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70, baadae kazi kubwa ikahamia Taiwani.

Sasa nije kwenye nyuzi zenyewe, maana naona msomaji mwenzangu anadhani nyuzi 12 ni nyuzi sita zilizorudiwa, kwamba zile sita za ziada ni mapambo tu, ukizitoa hujapoteza kitu. Sisi watu wa pwani ndo tunatakiwa kulielewa hili kuliko wote kwa sababu tuna udi. Udi una nyuzi 11, kumi zimekaa mbili mbili na mmoja wa bezi peke yake, na kila jozi inalia noti moja. Kanuni nayo, kile chombo kingine cha taarabu, kila noti ina nyuzi tatu. Hakuna mtu hata siku moja amemwambia mpiga udi wa Zanzibar atoe nusu ya nyuzi ili apumzike. Gitaa la nyuzi 12 ni hivo hivo, jozi sita, ila lina jambo lake moja ambalo udi hauna. Jozi mbili za chini kabisa kwa kidole, ile ya B na ile E nyembamba, zinalia sawa sawa. Lakini jozi nne zilizobaki, E nene, A, D na G, kila moja ina uzi mnene na mwenzake mwembamba anayelia noti ile ile lakini oktava moja juu. Kwa hiyo ukipiga kodi moja unasikia bezi ya mtu mzima na mtoto anaitikia juu yake kwa wakati mmoja. Huo ndo utamu wote. Ukitoa zile sita umetoa mtoto, umebaki na bezi.

Wapiga gitaa wa Kongo wanalijua hili vizuri sana, wana mtindo wanauita mi-composé, wanaondoa uzi wa nne mnene wanaweka mwembamba uliokazwa oktava moja juu, ndo maana ridhimu ya muziki wao inang'aa vile haigombani na bezi. Yaani wao wamehangaika kuongeza oktava kwenye gitaa la nyuzi sita, sisi tunayo tayari manne tumepewa tunataka kuyang'oa!

Na hata kiufundi halikubali. Shingo ya gitaa hili ni pana kuliko ya gitaa la kawaida, kile kijimfupa cha juu shingoni kimechongwa mifereji 12 ya jozi jozi, ukiweka nyuzi sita zinakaa kwenye mifereji isiyo yake, vidole vinatafuta uzi haviupati. Afu ndani, chini ya ubao wa mbele, kuna mbavu za mbao zimegundishwa kushikilia mvuto wa nyuzi zote zile. Ukiweka sita zinakosa nguvu ya kuutikisa ule ubao, sauti inatoka imefungwa, kama mtu anaongea kafunika mdomo na kanga. Nimeshalisikia gitaa la hivo kwenye kwaya moja, nilisikitika.

Sasa nieleze langu lilivyotaka kufa, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu kosa ni la kwangu pia. Mjomba aliponiachia, nyuzi zilikuwa zimeota kutu zote, chumvi ya Tanga mnaijua. Nikaenda Dar, Kariakoo, kwenye duka moja la vyombo vya muziki ambalo sitalitaja, nikaomba nyuzi za gitaa la 12. Muuzaji akaniambia hizo hazipo ila chukua seti mbili za sita, sita na sita si kumi na mbili? Kwa wakati ule niliona ni sawa. Nikarudi nazo, nikazifunga zote 12 usiku huo huo, ilibidi zile nene nizilazimishe kwenye mifereji iliyochongwa kwa ajili ya nyembamba, nikatyuni kawaida kabisa, E kwa E. Sauti ikatoka nzito, haina ule mng'ao, nikajisemea labda nyuzi mpya zinataka kuzoea. Siku ya tatu usiku tumelala nikasikia mlio kama mtu kavunja ubao wa sanduku. Nimeamka nikawasha taa. Daraja, kile kibao cha chini nyuzi zinapofungiwa, kimenyanyuka kwa nyuma, karatasi inapita chini yake mpaka katikati, na ubao wa mbele umevimba nikiweka rula juu yake inabembea.

Hesabu yake nilikuja kuijua baadae sana. Seti ya kawaida nyepesi ya nyuzi sita za chuma ikikazwa mpaka mahali pake inavuta kama kilo 74 hivi. Seti ya nyuzi 12 halisi, kwa sababu zile za oktava ni nyembamba, inavuta kama kilo 110, na hapo ndo gitaa limeshafika kwenye kiwango chake. Mimi na yule muuzaji tulilifunga seti mbili nzima, karibu kilo 150. Ni kama umelifunga mifuko mitatu ya saruji ulivute usiku kucha. Halikufa kwa joto la Tanga wala kwa uzee, lilikuwa linauawa na mimi.

Nikalipeleka kwa fundi mmoja wa magitaa. Aliliangalia dakika mbili akasema hili la zamani, halina kazi, toa nyuzi sita, hapo kwenye daraja ntapiga skrubu mbili kubwa za mbao utaondoka nalo jioni. Maneno yale yale ya msomaji wenu. Nilikuwa nimeshakubali jamani, nimeshatoa na hela ya utangulizi, kilichonirudisha ni mama, ambaye alisikia habari ile akauliza swali moja tu, kwamba kaka yake alilipiga na nyuzi ngapi miaka yote ile. Nikalifuata gitaa siku hiyo hiyo.

Aliyeliponya ni mzee mmoja seremala hapa mtaani, anatengeneza vitanda na makabati, gitaa hajawahi kulishika maishani mwake ila mbao anazijua. Alilegeza nyuzi zote akazitoa. Akachukua kisu chembamba cha jikoni akakipasha moto kidogo kwa maji, akakipitisha chini ya daraja polepole sana, nusu saa nzima mpaka kikaachia chenyewe bila kung'oa mbao. Akaparua gundi ya zamani mpaka mbao zote mbili zikaonekana safi, kila dakika ananusa, nilimuuliza ananusa nini akasema ananusa kama kuna mafuta, gundi haishiki penye mafuta. Akapaka gundi ya mbao ya kawaida, sio ile inayokauka kama jiwe, akaweka kibao ndani kupitia tundu la sauti na kingine juu, akabana kwa klampu, afu akaniambia nisiliguse siku mbili. Nikakaa siku tatu. Ubao wa mbele nao kwa sababu ulikuwa hauvutwi na kitu ulirudi karibu wote, umebaki na kajivimbe kadogo ambako kwa gitaa la nyuzi 12 ni kawaida kabisa.

Kwa hiyo msomaji mwenzangu nakuomba sana, dawa sio koleo. Dawa ni mbili na zote rahisi. Tafuta seti iliyoandikwa kabisa kwamba ni ya nyuzi 12, nyepesi, ambayo uzi wake wa kwanza una unene wa inchi 0.010 au hata 0.009. Na pili, ambayo ndo kubwa, usilityuni E kwa E, lishushe tone moja nzima, yaani freti mbili, iwe D, G, C, F, A, D. Ukishusha tone moja mvuto unapungua karibu sehemu moja ya tano, yaani kutoka kwenye zile kilo 110 unashuka mpaka 87 au 88, gitaa linapumua. Ukitaka kupiga na wenzio walio kwenye keyi ya kawaida unafunga kapo, kile kibanio cha shingoni, freti ya pili, umerudi pale pale, na vidole vinaona laini. Sio mimi niliyebuni hilo. Yule Lead Belly wa Louisiana, mpiga nyuzi 12 maarufu kuliko wote kule Marekani, aliyefariki 1949, alikuwa analilegeza lake, aina ya Stella, chini zaidi ya hapo, na sauti yake ilikuwa inajaza chumba bila spika.

Kuhusu hali ya hewa ya pwani pia sikubaliani. Ubao wa mbele wa haya ya lebo nyekundu ni plaiwudi ya sprusi, jamii ya misonobari, sio ubao mmoja mzima, na nyuma na ubavuni ni plaiwudi ya mahogani. Wajuzi wengi wanaidharau plaiwudi kwa sababu sauti yake haifunguki kama ubao mzima, hilo ni kweli silikatai, lakini kwa unyevu wetu huu wa Tanga ni baraka, kwa sababu haipasuki ovyo msimu ukibadilika. Kinachoua ni joto kali na mvuto ukikutana, mtu analiacha kwenye gari juani au analitundika chini ya bati, gundi inalainika nyuzi zinavuta, kwisha. Chumvi nayo inakula nyuzi, sio gitaa, pitisha kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga. Shingo ikipinda kidogo kuna chuma ndani yake cha kurekebisha, unazungusha robo, unaliacha siku, unaangalia tena, usizungushe kwa hasira.

Na kuna ule uzi mmoja lazima niuseme maana ndo unaowakatisha watu tamaa, G mwembamba, yule mtoto wa jozi ya tatu. Ule ndo uzi unaolia juu kuliko wote kwenye gitaa zima, unaipita hata E ya mwisho, na ni mwembamba kama unywele, inchi 0.008 au 0.009, hata robo ya milimita haufiki. Unakatika. Utakatika tu hata ukiubembeleza. Kwa hiyo utyuni wa mwisho baada ya wenzake wote kutulia, geuza uso pembeni unapoukaza, na uwe na wa akiba. Ukishusha tone moja haukatiki hovyo hivo.

Wajapani na muziki wetu sio wageni. Wazee wa taarabu Mombasa wanaijua taishokoto, ile yenye vitufe kama mashine ya taipu, imebuniwa Nagoya 1912 na bwana Goro Morita, ikasafiri ikaja ikakaa kwenye taarabu yetu mpaka watu wakasahau imetoka wapi. Na upande mwingine mpingo wetu wa Kilwa unakwenda kuwa klarineti na obo duniani, hao hao Yamaha wameshirikiana na watu wa MCDI, shirika la kuhifadhi mpingo, kwenye misitu ya vijiji kule kusini ili mpingo usiishe. Mbao inatoka kwetu inarudi sauti. Ndo maana nikiona gitaa lililosafiri kutoka Hamamatsu mpaka chumba cha kwaya linawekewa ndoo ya maji juu yake roho inaniuma, na nimeliona hilo kwa macho yangu.

Wenye maduka nawaomba kitu kimoja tu, leteni seti za nyuzi 12. Hata tano kwa mwezi. Na kama huna mwambie mteja sina, aende, usimpe sita na sita. Viongozi wa kwaya, fungueni yale makabati ya nyuma, mkilikuta legezeni nyuzi kwanza kabla ya kufanya kitu kingine chochote, halafu mtafuteni mtu mwenye subira, hata kama ni seremala wa vitanda.

Binti yangu wa mwisho alikuwa shule ya bweni mwaka mzima hajalisikia likiwa zima. Alipofika likizo nilikuwa nyuma ya nyumba nalipiga, nikamsikia anamuuliza mama yake mlangoni, "Baba yupo na nani huko nyuma?" Mama yake akamwambia yupo peke yake. Akaja kuhakikisha, akasimama pale kwenye kona na begi lake bado begani, akaangalia mikono yangu, akaangalia kama kuna mtu mwingine. Baadae akakaa chini. Saivi anajifunza, mkono wake mdogo unashindwa kukandamiza kodi ya F ila kodi ya D anaipata safi, nyuzi zote zinalia.

Wiki iliyopita G mwembamba umekatika tena. Nimeagiza seti, inakuja na basi kutoka Nairobi, wamesema Alhamisi. Kwa sasa tunapiga na 11, kama udi.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Chumbageni, Tanga